Saa Sita za Kupita

Treni ilinitema saa saba mchana,
ndege ya Mtwara inaruka saa tatu usiku.
Toa saa mbili za uwanja wa ndege: zinabaki sita,
na mji mzima nisioujua.

Begi nikaliacha kwa wakala wa pesa pale Gerezani
kwa shilingi elfu mbili na salamu za Urambo,
maana mkewe, anasema, ni wa huko huko.

Wengine hukusanya stempu. Mimi nakusanya miji niliyoipita.
Iringa saa tatu, na upepo wake.
Moshi mvua moja.
Bujumbura niliiona upande mmoja wa barabara;
wa pili sikuuwahi, basi lilipiga honi.

"Posta wapi?"
"Hapo tu," anasema muuza soksi, kwa kidevu.
Hapo tu ya Dar haina mita.
Niliitembea hadi shati likagandana na mgongo,
nikauliza tena, nikaambiwa: umeshaipita.

Mtaa wa Sikukuu, Jumanne ya kawaida,
wasukuma mikokoteni wanafyonza midomo tuwapishe.
Mtaa wa Nyamwezi: nikasimama chini ya kibao
kama mtu aliyekuta jina la babu yake
kwenye bahasha isiyo yake.
Hakuna aliyenikaribisha nyumbani.
Mama mmoja aliniambia tu,
"Kaka, unakanyaga mabeseni yangu."

Kona ya Mchikichi kiatu kikafumbua mdomo.
Fundi Kondo, chini ya mwavuli wenye tangazo la sabuni,
hakuniangalia usoni, aliangalia soli.
"Unakwenda nacho wapi?"
"Popote."
Akakigeuza, akakigonga kisigino mara mbili.
"Popote ni mbali kuliko Mbagala. Naongeza uzi."
Akaongeza. Mwekundu, kwenye kiatu cheusi;
ndio uliokuwapo.

Ukivuka Mnazi Mmoja mji unabadili sauti.
Kisutu, ghorofa ya tatu, kikapu kinashuka kwa kamba,
polepole, kama ndoo inayoogopa kisima.
Ndani noti, imebanwa na kibanio cha nguo.
Kijana wa dukani akatia mkate, akatia maziwa,
akasita,
akatia pipi.
Kamba ikavutwa. Uso sikuuona.
Niliona mkono, na bangili mbili.
Nikasimama robo saa nzima
nikisubiri kikapu kishuke tena.
Hakikushuka.

Nyamizi ataniuliza kama nimeiona bahari.
Niliinusa, mwisho wa mtaa fulani,
chumvi na dizeli,
nami nilikuwa nageukia upande mwingine.

Nilipotea pia, lazima niseme.
Upanga, ukuta mrefu, ukuta mwingine mrefu,
simu asilimia tatu, jua limeanza kulegea.
Mlinzi akanipima kwa macho, mikono mitupu.
"Unamtafuta nani?"
Nikatafuta jina la kumpa. Sikupata.
Kutembea bila kumtafuta mtu
ni jambo gumu kulieleza getini.
Nikasema, "Nimemkosa."
Basi akanionea huruma,
akaacha geti lake wazi,
akanisindikiza hadi barabara kubwa
akinipa pole ya mtu
ambaye hakuwahi kuwapo.

Gerezani, wakala kaenda kuswali.
Begi langu limeketi kwenye kiti chake
nyuma ya dirisha la wavu,
kama linalouza vocha.
Nikapanga foleni mbele yake, nyuma ya watu wawili.

Uwanja wa ndege, trei ya kijivu.
"Vua viatu."
Askari akauona uzi, akaupitishia kidole.
"Wapi hapa?"
"Mchikichi."
"Haufumuki huo," akasema, akasukuma trei.

Nikavuka kwa soksi,
na vumbi la Gerezani, la Kisutu,
la mitaa ambayo kibao chake sikukisoma.
Mashine haikulia.